Pindo la Gauni la Bibi Josefina

Mimi nilioa mwanamke mmoja tu, kanisani, kwa cheti na mashahidi wawili. Lakini ikifika Jumapili mchana siwezi kukuambia nitatoka nyumbani na nani. Wiki moja ni msichana wa shule ya masista ya miaka ya hamsini, gauni la buluu lenye kola nyeupe, nywele zimekatwa chini. Wiki nyingine ni karani wa mwaka sabini na nne, sketi imembana, miwani mikubwa isiyo na vioo. Ndani ya wote hao yumo Bertila, mke wangu, muuza mbegu na mbolea hapa Kizwite, mjini kwetu Ufipa, mama wa watoto wangu wawili.

Wenzangu wake zao wanapenda tamthilia. Wangu anapenda nguo za watu wa zamani. Na si kuzikusanya, angalau ningesema anatunza mali. Anazishona upya kwa kuangalia picha, anazivaa, anakwenda nazo mpaka sokoni kununua dagaa kama mtu mwenye shughuli zake. Ukimuuliza kwa nini, anakujibu, "Nataka kujua zilikuwa zinamkaaje mtu." Hapo maelezo yameisha, usitegemee mengine.

Mwanzoni nilikuwa nakasirika, sifichi. Mimi ni Lugano, mtu wa Mbeya, nauza vipuri vya bodaboda, wateja wangu ni vijana wenye midomo. Siku moja alinishonea suruali ya bugaluu, ile pana chini, akaniambia kama nampenda niivae twende wote. Nikavaa. Tulipopita kijiweni kijana mmoja akaniita, "Mshikaji, umetoka mwaka gani?" Wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Nilirudi nyumbani nimefura, Bertila ananifuata nyuma anauliza, "Lakini ukitembea inakupigapiga miguuni au haikupigi?" Jamani! Mtu nimeaibika, yeye anataka kujua kuhusu miguu. Nikamjibu inanipigapiga. Akaandika kwenye daftari.

Picha anazipata dukani kwake. Wazee wa vijijini wakija kuchukua mbegu za mahindi, akishawaamkia shikamoo swali lake la pili ni kama nyumbani kuna picha ya zamani. Wameshamzoea. Mzee Yusto, anayelima ulezi na mahindi huko upande wa Kaengesa, hufunga picha kwenye leso, akifika huiweka mezani kabla ya kutaja anataka mbegu gani. Bertila huipiga kwa simu, huikuza, huhesabu vifungo na marinda. Ana sharti moja kali kuliko la padri: kilichomo kwenye picha kiwemo kwenye nguo, na kisichomo kisiwemo. Kifungo kikiwa kimekatika kwenye picha, anashona bila kifungo. Sharti hilo ndilo lililotuletea kisa ninachotaka kusimulia.

Bertila alilelewa na bibi yake mzaa mama, Bibi Josefina, kwa sababu mama yake alifariki yeye akiwa na miaka minne. Bibi aliishi kijijini, mwendo wa saa tatu kwa miguu kutoka kanisa la Kaengesa. Mimi alinipachika jina la Ndaga, kwa kuwa siku ya kwanza nilipokaribishwa chakula kwake nilisahau nipo Ufipa nikashukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga." Hakuniita Lugano tena mpaka mwisho. Macho yalikuwa yamemwisha, mwaka wa nne haoni kitu, lakini vidole vyake vilikuwa vinaona. Akishika mkono wa shati lako anakwambia limefuliwa lini.

Mwaka jana mwezi wa kumi, tumekwenda kumsalimia, akamshika Bertila mkono akamwambia, "Wanasema unawashonea watu waliokufa. Basi na mimi nishonee kabla. Nataka mnizike na gauni langu la harusi."

Bertila akajisogeza karibu naye.

"Lile lenyewe halipo," Bibi akaendelea, "nililikata zamani. Lakini wewe una mikono. Nishonee lile. Sitaki la kufanana nalo, nataka lile."

Tukarudi mjini. Kifua kilikuwa kinamsumbua bibi yake tangu kipupwe, na daktari alikuwa ameshasema maneno yale ya kutuandaa. Mke wangu ameshona nguo nyingi za watu asiowajua, akikosea hakuna wa kumlalamikia. Hii ilikuwa ya mtu aliyemlea, na muda ulikuwa unakimbia. Alikuwa anaogopa, aliniambia mwenyewe, tena kwa sauti ndogo ambayo si yake. "Nikilikosea hili, Lugano, nitalikosea milele."

Picha ilikuwepo moja tu, ya nyeusi na nyeupe. Mwaka sitini na mbili, mwezi wa kwanza, mbele ya kanisa la Kaengesa. Babu Isdori, marehemu mumewe, amevaa koti linalomzidi mabega. Kando yake Josefina wa miaka kumi na minane, gauni jeupe refu, mikono imetuna mabegani, kifuani vifungo sita, viatu vyeupe vinang'aa. Hayo yote yalikuwa rahisi. Taabu ilikuwa chini. Pindo la gauni lilikuwa na mkanda mweusimweusi, upana wa kiganja, na ukingo wake wa juu haukunyooka. Ulikuwa unapanda na kushuka, hapa juu kidogo, pale chini.

"Hiki nini?" Bertila akauliza. Aliuliza swali hilo miezi miwili.

Akamuuliza Mzee Yusto. Mzee akaisogeza picha mbali na macho, akaileta karibu, akasema huenda ni kitambaa cha pamba cha wazee, kile Wafipa walichokuwa wanafuma wenyewe kwa mkono, wamekiunga chini ili gauni lifike miguuni. Bertila akafurahi, siku nne hatukulala na amani, akitafuta nani bado ana kipande cha kitambaa hicho. Baadaye akakataa mwenyewe: kitambaa cha kufuma kina uzito, kingelivuta gauni chini, na gauni la kwenye picha halikuvutika. Fundi mmoja wa sokoni akasema ni mahameli ya kahawia, mtindo wa mawimbi. Mwingine akasema picha imeungua.

Na mimi nikasema. Haki ya Mungu nilisema, watoto wangu ni mashahidi. Nilikuwa nakula, nikaitazama ile picha juu ya mabega yake, nikamwambia, "Hilo ni tope."

Aligeuka akanitazama kama anavyomtazama mteja aliyeomba mbolea ya kukopa. "Tope? Tazama viatu."

Nikatazama. Viatu vilikuwa vyeupe pee, hata doa hakuna.

"Mtu atembee kwenye tope mpaka gauni lilowe kiganja kizima," akasema, "halafu viatu vitoke hivyo? Vilikuwa vinaruka?"

Nikarudi kwenye ugali wangu.

Utauliza kwa nini hakumuuliza mwenye gauni. Alimuuliza! Tulikwenda mwezi wa kumi na moja, akamwambia, "Bibi, chini kwenye pindo mlitia nini?" Bibi akajibu bila kufikiri, "Hatukutia kitu. Jeupe tupu, juu mpaka chini." Bertila akatikisa kichwa taratibu. Njiani akaniambia, "Amesahau. Miaka sitini si mchezo." Unaona hapo? Mwenye gauni amesema, picha imesema, mke wangu akaamini picha. Kwa sababu ya lile sharti lake.

Basi akanunua mahameli ya kahawia. Akaikuza picha kwenye simu, akachora ule ukingo wa mawimbi kwenye karatasi ya mfuko wa mbegu, panda kwa panda, shuka kwa shuka, akakata, akashona kwa mkono kwa sababu cherehani ilikuwa inakunja mahameli. Wiki tatu. Vidole vilitoboka mpaka nikawa naosha vyombo mimi. Lilipokwisha lilikuwa zuri, lazima niseme ukweli. Hata mimi, adui wa nguo za wafu, nilisimama nikalitazama.

Tukalipeleka Januari mwanzoni. Bibi alikuwa amekaa kitandani amefunikwa blanketi mbili, maana mvua ilikuwa imeshika na baridi ya kule si ya mchezo. Bertila akamwekea gauni mapajani. Vile vidole vikaanza safari. Vikashika kola, vikahesabu vifungo, sita. Vikaenda mabegani. Bibi akawa anatabasamu, anaguna, "Eee. Eee." Vidole vikashuka, vikafika pindoni, vikasimama.

"Hiki nini?"

"Ule mkanda, bibi. Wa kwenye picha."

"Mkanda gani?"

"Ule mweusi, wa mawimbi, kuzunguka chini."

Bibi akainamisha kichwa upande. Halafu akaanza kucheka. Alicheka kwa kukohoa, tukataka kumpa maji akayasukuma. "Bertila mwanangu," akasema, "hilo si tope?"

Mimi nikaruka. "Nilisema! Bibi, nilisema mimi, watu wakanitukana!"

"Ndaga ana akili," Bibi akasema. Nimeyaweka maneno hayo.

Lakini Bertila hakucheka. "Na viatu, bibi? Mbona viatu ni visafi?"

Ndipo Bibi akatueleza. Wakati ule watu walikuwa wanaoa kiangazi, mavuno yakishaingia ghalani. Isdori akapata nafasi ya kazi kwenye migodi ya shaba, ng'ambo ya mpaka, na gari la kuwachukua lilikuwa linaondoka mwisho wa Januari. Harusi ikasogezwa ikaangukia katikati ya msimu wa mvua. Gauni alishonewa na mama yake. Viatu hakuwa navyo. Sista mmoja wa misheni akamwazima vya kwake, Ijumaa, baada ya mafundisho, akamwambia, "Jumamosi jioni virudi kama vilivyotoka."

"Tukatoka hapa kijijini alfajiri, mvua inatunyeshea," Bibi akasema. "Wenzangu wananiambia, Josefina inua gauni. Niliinue na mkono upi? Viatu nilikuwa nimevikumbatia hivi." Akatuonyesha, mkono mmoja chini, mwingine juu, kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. "Nimevifunga kwenye kitambaa, nimeviinamia mvua isivipate. Gauni lilikuwa langu. Viatu vilikuwa vya watu."

Nikasikia mvua kwenye bati.

"Pale kanisani nikafuta miguu kwenye majani, nikavaa. Isdori akatazama chini, gauni limelowa tope, viatu vinang'aa. Akanisogelea sikioni akasema, 'Kama cha watu unakitunza hivi, changu utakifanyaje?' Nikaolewa nikiwa nacheka. Padri alinikunjia uso."

Bertila alikuwa ameshatoa mkasi mdogo mfukoni, analia, anafumua mahameli. "Nalitoa, bibi. Nalitoa, libaki jeupe kama ulivyosema."

Bibi akamshika mkono. "Toa," akasema. "Lakini jeupe mimi nililivaa nyumbani tu, kabla ya kutoka. Isdori hakuliona jeupe hata siku moja. Sasa nikimwendea na gauni safi, atanijuaje?"

Ninyi mnaosoma hili mnaweza kupaka tope kwa brashi mkaona mmemaliza. Hamumjui mke wangu. Jumamosi iliyofuata alfajiri, mvua ikiwa inanyesha, Bertila alivaa lile gauni, mahameli imeshatoka, akakumbatia viatu vyeupe alivyoazima kwa mke wa katekista, akatoka nyumbani kwa bibi yake pekupeku kwenda Kaengesa kwa miguu. Saa tatu. Mimi nyuma, na mabuti ya mpira na mwavuli, nanung'unika.

Nilimsihi nimfunike, akakataa. Nilimwomba nimbebee viatu, akanitazama tu. Watu walitoka milangoni. Mama mmoja akapaza sauti, "Bibi harusi, gari limekwama wapi?" Bodaboda ikasimama, kijana akasema atampeleka bure maana inatia huruma. Mimi nikawa najibu kwa niaba yake, nimechoka kujibu, mwisho nikasema ni nadhiri. Wakatuacha.

Lakini nikuambie kitu. Baada ya mwendo wa saa moja niliacha kununa, nikaanza kutazama. Udongo wetu ule mwekundu hauchafui nguo kwa kurukaruka tu. Nguo inakunywa. Maji ya tope yanapanda kwenye nyuzi, polepole, mahali gauni limegusa majani yanapanda sana, mahali upepo umelipeperusha yanabaki chini. Mbele ya macho yangu yale mawimbi yalikuwa yanajichora yenyewe, yale yale aliyoyakata na kuyashona wiki tatu. Nikamwita, "Bertila, tazama nyuma yako!" Akageuza shingo, kavikumbatia viatu, maji yanamtiririka puani, akacheka kwa sauti katikati ya mashamba ya watu.

"Kumbe lilikuwa linamkaa hivi," akasema. "Zito, Lugano. Linakurudisha nyuma."

Pale kanisani akafuta miguu kwenye majani, akavaa viatu. Nikampiga picha pale pale. Tukaziweka picha mbili pamoja, ya sitini na mbili na ya leo. Sitaki kuongeza chumvi. Mawimbi hayakulingana yote. Lakini ungemwonyesha mtu angesema ni gauni moja. Viatu tukavirudisha siku hiyo hiyo jioni, kama vilivyotoka.

Gauni likakaukia kwa Bibi, juu ya kamba ya ndani. Akalishika pindo, tope limekauka, linakatikakatika kidogo vidoleni. "Hapa," akasema. "Ndilo hili." Akaliweka sandukuni mwenyewe, kwa kupapasa.

Alifariki wiki ya pili baada ya Pasaka.

Msibani mkwe ana kazi zake na mipaka yake. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba napasua kuni. Ndani wanawake walikuwa wanamwosha Bibi, Bertila akiwa nao. Mara nikamwona Mama mkubwa Margareth, binti wa kwanza wa Bibi, mtu mzima wa miaka sitini, anatoka na beseni la maji na sabuni ya unga, na begani kabeba lile gauni alilolitoa sandukuni. Alikuwa hajawahi kuliona. Anaishi Mbeya, alikuwa amefika asubuhi hiyo, na hasira za mtu aliyechelewa kumkuta mama yake hai. Nilimsikia anasema peke yake, "Kumbe mama walimwacha hivi, hata nguo ya kuzikiwa ni tope tupu."

Akalishusha gauni kuelekea kwenye maji.

Nikaangusha shoka. Nilifika pale sijui vipi, nikalishika gauni upande wa pindo, yeye kashika mabega. Mkwe na mama mkwe, tunavutana nguo! Sijawahi kuona kitu kama hicho hata kwa walevi. Akanitazama kama nimemvua kitambaa kichwani.

"Mkwe, una wazimu? Niachie!"

Nikapiga magoti. Gauni sikuliachia. "Mama, shikamoo, nisamehe, lakini usilifue."

"Watu watasema tumemzika mama yetu na uchafu!"

"Waseme, mama. Waje kwangu. Nitawajibu mmoja mmoja."

"Utawajibu nini?"

Basi nikamwambia. Pale pale, magoti chini, kuni zimezagaa, nikamweleza mvua, na saa tatu za miguu, na viatu vya sista. Nilimwonyesha kwa mikono yangu jinsi alivyovikumbatia. Nilimwambia alichosema Babu Isdori mlangoni mwa kanisa, na alichosema Bibi kitandani, kwamba akienda na gauni safi hatajulikana. Sauti ilinikatika mara mbili. Mimi, Lugano, niliyekuwa naona haya kuvaa bugaluu.

Mama mkubwa alisikiliza huku ananitazama mdomoni. Nilipomaliza alikaa chini kwenye gogo langu la kuni.

"Mimi hakuniambia hata siku moja," akasema. "Na gauni lenyewe la siku ile liko wapi?"

"Alilikata, mama. Alituambia alishonea nguo ya ubatizo, ya mtoto wa kwanza."

Mtoto wa kwanza alikuwa yeye. Akalivuta pindo taratibu mpaka kwenye mapaja, mimi nikaliachia, akalipitisha vidoleni kama alivyokuwa akifanya mama yake.

"Na viatu?" akauliza. "Alivirudisha?"

"Siku hiyo hiyo jioni."

Akainuka, akalikunja gauni upande wa tope ukiwa ndani ili lisidondoke hata kidogo, akalikumbatia, mkono mmoja chini, mwingine juu. Beseni akalisukuma kwa mguu, maji yakamwagikia kwenye mboga, akaingia nalo ndani.